Uskauti: Nani anayeamua kijana apande cheo?

KIJANA wa skauti nchini Marekani anayefikisha umri wa miaka 17 na nusu kabla ya kupata cheo cha Uhai hawezi tena, isipokuwa katika hali chache sana, kuwa Skauti Tai. Hata awe hodari wa kambi, mwadilifu na mpendwa wa wenzake, hesabu yenyewe inamkatalia. Kati ya Uhai na Tai sharti ipite miezi sita ya utumishi, na siku anapotimiza miaka 18 mlango unafungwa.

Kwa mtu wa nje jambo hilo laweza kuonekana dogo. Ni beji tu, kipande cha kitambaa kinachoshonwa mfukoni. Hata hivyo, cheo cha Tai kinatajwa katika maombi ya vyuo vikuu na katika wasifu wa wanaotafuta kazi, na anayejiunga na jeshi la nchi hiyo akiwa nacho huanza kwa daraja la mshahara la juu kidogo kuliko wenzake. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezini mwaka 1969, alikuwa nacho. Gerald Ford, aliyekuwa Rais kuanzia mwaka 1974 hadi 1977, alikuwa nacho pia.

Ndiyo maana ugomvi juu ya nani apandishwe, nani azuiwe na nani mwenye mamlaka ya kuamua umekuwapo tangu uskauti ulipoanza. Umezaa vitabu vizima vya kanuni, rufaa, na mara nyingine kesi mahakamani.

Kisiwa cha Brownsea

Uskauti ulianzishwa na Robert Baden-Powell, jenerali wa Kiingereza aliyejipatia umaarufu katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Agosti 1907 alichukua wavulana wapatao 20 na kupiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi walikuwa watoto wa matajiri kutoka shule za kifahari, wengine watoto wa wafanyakazi kutoka miji ya jirani. Kuwachanganya ndani ya mahema yale yale, katika Uingereza ya wakati huo, kulikuwa ni jambo la ujasiri.

Mwaka 1908 alichapisha kitabu chake cha mafunzo, na ndani yake zilikuwamo ahadi ya skauti na kanuni tisa. Ya kumi iliongezwa miaka michache baadaye. Kanuni ya nne ndiyo iliyokuja kuleta tabu kubwa kuliko zote, kwa kuwa ilimtaka skauti awe rafiki wa watu wote na ndugu wa kila skauti mwenzake, bila kujali tabaka lake. Itaelezwa zaidi hapa chini.

Katika mpango wa awali ngazi zilikuwa chache: skauti anayeanza, daraja la pili na daraja la kwanza, pamoja na beji za ujuzi mbalimbali kama vile huduma ya kwanza, upishi na ishara. Mwaka 1909 ikaongezwa tuzo ya Skauti wa Mfalme kwa waliofika juu.

Suala la nidhamu halikuachwa mikononi mwa mtu mzima peke yake. Kikosi kiligawanywa katika vikundi vya vijana sita hadi wanane, kila kikundi na kiongozi wake, naye ni kijana kama wao. Viongozi hao wa vikundi, pamoja na mkuu wa kikosi, waliketi katika baraza la heshima. Baraza hilo lilipanga mambo ya kikosi na kusikiliza mashauri ya walioteleza. Mtoto wa miaka 14 alihukumiwa, kwa sehemu kubwa, na watoto wa miaka 15. Inafaa kutaja kwamba nchini Marekani jina hilo hilo la baraza la heshima limekuja kuwa na maana nyingine kabisa: leo ni sherehe ya kugawa beji mbele ya wazazi.

Juhudi au kipimo?

Baden-Powell alikuwa na msimamo ambao unawashangaza wengi wanaousikia kwa mara ya kwanza. Kwake beji haikuwa cheti cha ubora. Ilikuwa ni kutambua juhudi ya kijana. Mtoto dhaifu aliyejitahidi kuogelea mita chache alistahili sawa, pengine zaidi, na mtoto mwenye misuli aliyevuka mto bila kutoka jasho. Mpimaji alitakiwa amtazame kijana aliye mbele yake, si karatasi.

Msimamo huo una utu ndani yake. Lakini una shimo pia, na viongozi wa skauti wa nchi nyingi wamelitumbukia. Kama kipimo ni juhudi, basi anayepima juhudi ana madaraka makubwa mno. Mkuu wa kikosi anayempenda mtoto ataiona juhudi hata isipokuwapo, na asiyempenda hataiona hata mtoto akikesha. Hakuna karatasi ya kumshitakia.

Wamarekani walichukua njia nyingine. Chama chao cha skauti kilianzishwa Februari 8, 1910, na mtendaji wake mkuu wa kwanza, James E. West, alikuwa mwanasheria. West alikuwa yatima aliyelelewa katika kituo cha watoto, na mguu wake mmoja ulikuwa umelemazwa na kifua kikuu cha mifupa. Chini yake, kuanzia mwaka 1911 hadi 1943, chama kilijengwa juu ya maandishi: masharti yaliyoorodheshwa, sahihi, tarehe na mafaili.

Mvulana wa kwanza kupata cheo cha Tai alikuwa Arthur Eldred wa jimbo la New York, mwaka 1912. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yake, wakuu wa chama, West akiwa miongoni mwao, walimhoji wenyewe ana kwa ana. Beji alizotakiwa kuwa nazo zilikuwa 21. Idadi hiyo imebaki ile ile hadi leo, isipokuwa katika kipindi cha kuanzia mwaka 1972 hadi 1979 ilipopandishwa hadi 24.

Mabadiliko ya mwaka 1972 yanastahili kukumbukwa. Chama kikiona kuwa vijana wa mijini wanazidi kuwa wengi, kilipunguza mambo ya porini. Mtu aliweza kufika cheo cha Tai bila beji ya kupiga kambi. Wazee wa uskauti walilalamika sana, wanachama walipungua, na mwaka 1979 mzee mmoja mstaafu, William Hillcourt, alikiandikia chama kitabu kipya kilichoirudisha kambi mahali pake.

Kanuni moja, kwa wote

Kanuni kuu ya Marekani ni fupi. Hakuna mkuu wa kikosi, kamati, wilaya wala mkoa wa skauti mwenye ruhusa ya kuongeza sharti la kupanda cheo au kulipunguza. Kilichoandikwa ndicho kinachotakiwa, hakizidi wala hakipungui. Ikiwa sharti linasema kijana aoneshe jambo, ni lazima alioneshe kwa vitendo, haitoshi kulieleza kwa mdomo. Ikiwa linasema aeleze, si halali kumwambia aandike insha ya kurasa tano.

Vyeo ni saba. Vinne vya kwanza, vinavyoishia na Daraja la Kwanza, hufundisha stadi za msingi: kufunga mafundo, kusoma ramani, kupika nje, kuogelea, kumhudumia majeruhi. Kijana mwenye bidii anaweza kuvimaliza kwa mwaka mmoja hivi. Vitatu vya juu, yaani Nyota, Uhai na Tai, vinahitaji muda, beji, huduma kwa jamii na kushika wadhifa katika kikosi.

Muda ndio unaowakwamisha wengi. Kutoka Daraja la Kwanza hadi Nyota ni miezi minne, kutoka Nyota hadi Uhai ni sita, na kutoka Uhai hadi Tai ni sita mingine. Jumla ni miezi 16, na hakuna njia ya mkato. Kwa maneno mengine, ambaye hajapata Daraja la Kwanza anapokuwa na miaka 16 na miezi minane amekwisha kuchelewa. Zaidi ya hapo, baadhi ya beji za lazima zina muda wake ndani yake. Beji ya kusimamia fedha inataka kijana aweke hesabu za bajeti yake kwa wiki 13 mfululizo. Ile ya maisha ya familia inadai kumbukumbu ya kazi za nyumbani kwa siku 90. Mzazi anayekumbuka mambo haya mwezi mmoja kabla ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe hana la kufanya.

Kikomo cha umri chenyewe hakikuwapo tangu mwanzo. Hadi mwaka 1952 hata watu wazima waliweza kupata cheo cha Tai. Mradi wa huduma kwa jamii, ambao leo watu wengi wanaufikiria kuwa ndio kiini cha cheo hicho, uliingizwa kama sharti mwaka 1965. Kijana hutakiwa kuupanga na kuwaongoza wengine kuutekeleza: kujenga madawati, kukarabati njia ya msituni, kukusanya vitabu. Kinachopimwa hapo ni uongozi wake, si idadi ya misumari aliyopigilia kwa mkono wake.

Jopo la watu watatu hadi sita

Baada ya masharti kutimia kijana hukutana na mkuu wa kikosi kwa mazungumzo. Watu wengi hudhani kwamba hapo ndipo anapopasi au kufeli. Sivyo. Sharti ni kuhudhuria mazungumzo hayo, na mkuu wa kikosi hawezi kuyatumia kama rungu.

Kinachofuata ni jopo la mapitio, lenye watu wasiopungua watatu na wasiozidi sita. Mkuu wa kikosi na wasaidizi wake hawaruhusiwi kuwa wajumbe, na mzazi au ndugu wa kijana haruhusiwi pia. Kwa cheo cha Tai ni lazima awepo angalau mjumbe mmoja kutoka wilaya au mkoa wa skauti. Sababu iko wazi: aliyemfundisha asiwe yeye anayemhukumu, na aliyemzaa asiwe wakili wake.

Jopo halimtahini kijana upya. Halimpi kamba na kumtaka afunge fundo ambalo mwalimu wake alikwishalitilia sahihi mwaka juzi. Linamuuliza amejifunza nini, kikosi chake kikoje, anaishi vipi na kanuni za skauti nyumbani na shuleni. Uamuzi hauna budi kuwa wa kauli moja. Likimkatalia, linatakiwa limweleze sababu, afanye nini na kwa muda gani, na kwamba ana haki ya kukata rufaa.

Hapa ndipo ubishi mwingi unapozuka, na karibu kila mara ni juu ya mambo yasiyopimika kwa rula: je, kijana alikuwa mshiriki hai wa kikosi? Je, alitekeleza wadhifa wake? Je, ana roho ya skauti?

Mfano unaojirudia katika vikosi vingi ni huu. Kijana anateuliwa kuwa mtunza vifaa. Miezi sita inapita, mahema yanaozea stoo, hakuna anayemwambia neno. Siku anapoomba kupandishwa cheo, mkuu wa kikosi anakataa: hukufanya kazi. Kanuni inasemaje? Inasema kuwa mkuu wa kikosi amechelewa. Kama kijana hakuwa akitimiza wajibu, alipaswa kuambiwa mapema, asaidiwe, na ikishindikana aondolewe kwenye wadhifa. Akiachwa humo hadi muda ukaisha, muda huo unahesabiwa.

Wapo viongozi wanaoiona kanuni hii kuwa inalea uvivu. Hoja yao haikosi uzito, kwani wenzake waliobeba mahema kwa zamu watamwona mvivu akipewa beji sawa na yao. Lakini kanuni inamtazama mtu mwingine, naye ni mtu mzima aliyenyamaza kwa nusu mwaka kisha akageuza ukimya wake kuwa adhabu. Kati ya hao wawili, mwenye umri na madaraka ya kuzuia kosa alikuwa mtu mzima.

Vivyo hivyo kwa mahudhurio. Kikosi kinaruhusiwa kuweka matarajio yenye busara, kwa mfano kwamba kijana ahudhurie sehemu fulani ya mikutano. Lakini kijana anayekosa kwa sababu ya kazi, masomo, michezo au matatizo ya nyumbani ana haki ya kusikilizwa. Jopo linaweza kuona kwamba muda aliokuwa nje aliutumia kwa jambo linaloendana na malengo ya uskauti.

Mkuu wa kikosi akikataa kutia sahihi maombi ya cheo cha Tai, safari haijafika mwisho. Kijana anaweza kuomba jopo litakaloketi kwa hali ya mgogoro, nje ya kikosi chake, likaangalia ushahidi wa pande zote. Akishindwa hapo, yeye au mzazi wake anaweza kukata rufaa mkoani, na kwa cheo cha Tai hadi ofisi ya taifa. Kwa vyeo vya chini rufaa huishia mkoani.

Waliokuwa nje ya uzio

Utaratibu mzuri wa kupima hauna maana kwa mtoto asiyeruhusiwa kuingia. Hapo ndipo kanuni ya nne ya Baden-Powell ilipowasuta watu wazima wa nchi nyingi.

Nchini India wavulana wa nchi hiyo walizuiwa kuingia katika vikosi rasmi, hata Annie Besant akaanzisha chama cha skauti cha Wahindi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vyama hivyo viliungana baada ya Baden-Powell kuzuru huko mwaka 1921. Afrika Kusini ilikuwa ngumu zaidi. Wavulana Waafrika waliwekewa chama chao pembeni, chenye jina tofauti. Ziara ya mwaka 1936 ilizaa suluhu ya nusu: wote waitwe skauti, lakini kila rangi na tawi lake. Undugu uliotajwa katika kanuni ulibaki kwenye karatasi hadi mwaka 1977, matawi hayo yalipounganishwa kuwa chama kimoja.

Afrika Mashariki uskauti uliingia mapema, Kenya mwaka 1910 na Tanganyika mwaka 1917, na kwanza ulikuwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu kabla ya kusambaa kupitia shule za misheni. Baden-Powell mwenyewe alihamia Nyeri, chini ya Mlima Kenya, mwaka 1938, akafariki huko Januari 8, 1941. Kaburi lake hutembelewa na skauti kutoka pande zote za dunia, na lina alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa lugha ya skauti ina maana kwamba mwenyewe amekwenda nyumbani.

Marekani nako vikosi vya watu weusi vilitengwa katika majimbo mengi ya kusini, na baraza la mwisho kuachana na ubaguzi huo, huko North Carolina, lilifanya hivyo mwaka 1974. Mwaka huo huo ilizuka kesi inayoonesha vizuri jinsi sharti lisilotaja rangi linavyoweza kubagua kwa rangi. Kanisa la Wamormoni, lililokuwa mlezi wa vikosi vingi kuliko taasisi nyingine yoyote, lilikuwa limeamua kwamba kiongozi mkuu wa vijana katika kikosi awe ni yule anayeongoza kundi la mashemasi kanisani. Wakati huo Mmormoni mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani, hata ule wa ushemasi wa watoto wa miaka 12. Kwa hiyo, bila neno la rangi kuandikwa popote katika kanuni za skauti, kijana mweusi katika vikosi hivyo hakuweza kushika wadhifa huo. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilifungua kesi, na kanisa likabadilisha utaratibu wake kabla shauri halijafika mbali. Zuio la ukuhani lenyewe liliondolewa mwaka 1978, na kanisa hilo likajitoa katika chama cha skauti cha Marekani mwishoni mwa mwaka 2019.

Kwa upande wa ushoga, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2000, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba chama cha skauti ni cha hiari na kina haki ya kuchagua viongozi wake. Aliyeshitaki, James Dale, alikuwa mwenyewe Skauti Tai. Chama kilibadilisha msimamo kwa hiari yake baadaye, kwa vijana kuanzia Januari 2014 na kwa viongozi watu wazima mwaka 2015. Imani nayo imeleta tofauti za nchi kwa nchi: Marekani ahadi inataja wajibu kwa Mungu na haina toleo jingine, ilhali Uingereza tangu mwaka 2014 inao maneno mbadala kwa wasio na dini.

Wasichana na miezi 24

Wasichana walibisha hodi tangu Septemba 1909, walipotokea bila mwaliko katika mkutano wa skauti London wakiwa wamevaa sare walizojishonea. Waliundiwa chama chao cha Girl Guides mwaka 1910. Uingereza ilianza kuwapokea wasichana katika uskauti mwaka 1976 na kufungua ngazi zote mwaka 1991. Nchini Kenya na Tanzania ni jambo la kawaida kuona wavulana na wasichana wa skauti pamoja, wakiongoza umati siku ya sikukuu ya taifa au kumvisha mgeni rasmi skafu.

Marekani ilisubiri hadi Februari 1, 2019. Hapo ikazuka hesabu ya miezi 16 iliyotajwa awali. Msichana aliyekuwa na miaka 17 siku hiyo alikaribishwa kwenye meza ambayo chakula chake hangewahi kukila, kwani angetimiza miaka 18 kabla ya muda kutimia. Chama kikaamua kwamba waliojiunga mwanzoni wakiwa wamepita miaka 16 waweze kuomba nyongeza, wamalize ndani ya miezi 24 tangu kujiunga.

Baadhi ya wazazi wa wavulana walinung'unika. Walisema watoto wao waliochelewa kwa wiki chache tu miaka iliyopita hawakuhurumiwa na mtu. Waliounga mkono walijibu kwamba mvulana aliyechelewa alikuwa na nafasi na akaiacha ipite, na msichana hakuwahi kuipewa. Muhimu ni kwamba masharti hayakupunguzwa hata moja: beji zilikuwa 21, miezi ilikuwa 16, mradi ulikuwa ule ule. Kilichosogezwa ni saa ya ukutani. Kundi la kwanza la wasichana wenye cheo cha Tai, karibu 1,000, lilitangazwa Februari 2021. Miaka minne baadaye, Februari 8, 2025, chama chenyewe kiliacha jina la wavulana na kuanza kuitwa Scouting America.

Kwa vijana wenye ulemavu mantiki ni ya namna hiyo hiyo, ila inakwenda mbele zaidi. Mwenye ulemavu wa kudumu na mzito anaweza kuruhusiwa kuendelea baada ya miaka 18. Asiyeweza kuogelea anaweza kuombewa sharti jingine la uzito unaolingana na jitihada yake. Masharti ya beji yenyewe hayabadilishwi, lakini beji nzima ya lazima inaweza kubadilishwa kwa nyingine. Hapo wazo la Baden-Powell la kupima juhudi limerudi kupitia mlango wa nyuma, safari hii likiwa na fomu na mihuri.

Sahihi ya mtu mzima

Mwenye kalamu ya kutia sahihi kitabu cha kijana ana nguvu juu yake, na historia imeonesha nguvu hiyo inavyoweza kutumiwa vibaya. Chama cha Marekani kiliomba ulinzi wa mahakama wa mufilisi Februari 2020 kutokana na madai ya watu waliosema walidhalilishwa kijinsia na viongozi walipokuwa watoto. Madai yaliyowasilishwa yalizidi 82,000, na mfuko wa fidia wa zaidi ya dola bilioni 2.4 ukaundwa. Leo hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kuwa peke yake na mtoto katika shughuli za skauti, na mwalimu wa beji naye hukutana na kijana mbele ya mtu mwingine.

Kwetu uskauti unaishi zaidi shuleni, na mara nyingi anayeongoza kikosi ni mwalimu yule yule anayesahihisha mitihani na kuandika taarifa ya tabia. Kenya ina ngazi zake za umri zenye majina ya Kiswahili, Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri, na kila moja ina beji zake. Mtoto anayekwaruzana na mwalimu wake darasani siku ya Jumatatu hukutana naye tena akiwa na skafu shingoni siku ya Ijumaa. Kumweka mpimaji wa pili kutoka shule nyingine au wilayani hakugharimu fedha nyingi. Gharama kubwa kwa familia nyingi ni sare na ada ya kambi, na kijana anayekosa kambi kwa sababu ya nauli huonekana kwenye daftari sawasawa na yule aliyebaki nyumbani akilala.

Katika kanuni za Marekani kipo kifungu kimoja ambacho wazazi wengi hawakijui hadi wanapokihitaji. Rufaa ya cheo cha Tai inaweza kuchukua miezi, na wakati huo kijana anaweza kuwa amekwisha kuingia chuoni au jeshini. Rufaa ikikubaliwa, tarehe inayoandikwa kwenye cheti si ya siku ya ushindi. Huandikwa tarehe ya jopo la kwanza, siku ile ile alipokataliwa.